SOMO LA 7: MSOMAJI MMOJA, WASIKIAJI WENGI

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kumb. 17:18-20, Yer. 32:6-15, 2 Sam. 11:14, 15, 1 Fal. 21:8-13, Flm. 17-19, Isa. 29:11, 12; Mdo 8:27-35; Rum. 16:22, Gal. 6:11.

Fungu la Kukariri: Ufunuo 1:3. Lifungue katika Biblia yako, lisome kwa sauti mara tatu, kisha uliandike kwa mkono wako kwenye karatasi utakayokuja nayo darasani. Usiliandike kwenye simu.

Kwa miaka kadhaa nilifundisha darasa la watu wazima la Shule ya Sabato. Tulikaa chini ya mwembe, na desturi yetu ilikuwa kusoma mafungu kwa zamu, kila mtu fungu moja, kutoka mwanzo wa benchi hadi mwisho. Alikuwepo mama mmoja mjane. Kila zamu ilipomfikia alisema amesahau miwani nyumbani, na jirani yake alimsomea. Lakini fungu la kukariri alilisema bila kukosea hata neno, jambo ambalo wengi wetu hatukuliweza.

Sabato moja nilivua miwani yangu nikampa. Nilidhani natenda wema. Akaipokea, akaivaa, akaitazama Biblia kwa muda, kisha akasema fungu, neno kwa neno, kwa sauti iliyo wazi. Lilikuwa fungu la kukariri la juma lililopita. Nikasema mbele ya watu wote, "Hapana mama, leo tuko mahali pengine." Vijana wawili wakacheka. Sabato tatu zilizofuata mama yule hakuja kanisani.

Sisi Waadventista hupenda kuitwa watu wa Kitabu. Tuna Biblia, tuna lesoni, tuna vitabu vya Roho ya Unabii, na wainjilisti wetu wa vitabu hutembea nyumba kwa nyumba. Juma hili tutaangalia jinsi Biblia inavyoongelea kusoma na kuandika katika mambo ya kawaida kabisa: hati ya shamba, barua, deni, jina la mtu. Na tutajiuliza swali ambalo mimi nilichelewa kujiuliza: yeye anayejua kusoma anadaiwa nini na jirani yake asiyejua?

JUMAPILI
Mfalme Mwenye Kalamu

Soma Kumbukumbu la Torati 17:18-20. Mfalme aliagizwa kufanya nini akiisha kuketi katika kiti cha ufalme, na kwa kusudi gani?

Wafalme wa zamani walikuwa na waandishi. Daudi na Sulemani walikuwa nao, na majina ya baadhi yao yamo katika Biblia. Kwa hiyo mfalme angeweza kuagiza nakala ya torati iandikwe, aletewe mezani, naye aiweke mahali pazuri wageni waione. Agizo la Mungu lilikuwa jingine. Mfalme ajiandikie nakala yake, kutoka katika ile iliyokuwa mbele ya makuhani Walawi, akae nayo, na aisome siku zote za maisha yake.

Mtu anayenakili kwa mkono hawezi kuruka mstari usiompendeza. Hufika kwenye amri ya mizani ya haki, akaiandika. Hufika kwenye amri ya kutozuia ujira wa kibarua mpaka asubuhi, akaiandika nayo, polepole, herufi baada ya herufi. Siku hizi tunapokea fungu kwenye simu na kulituma kwa watu hamsini kwa kidole gumba kabla hatujalimaliza sisi wenyewe. Sisemi ni dhambi. Lakini kulituma fungu si kulisoma.

Angalia kusudi lililotajwa katika fungu la 20. Mfalme husoma ili moyo wake usijiinue juu ya ndugu zake. Mara nyingi elimu yetu imefanya kinyume chake. Mtu akijua kusoma vizuri, akaweza kutamka majina magumu ya Nehemia bila kukwama, huanza kuketi mbele, na wengine huanza kumwogopa.

Ni lini mara ya mwisho ulipoandika sehemu ya Maandiko kwa mkono? Uliona nini ambacho hukukiona ulipokuwa ukisoma tu?

JUMATATU
Hati Ndani ya Chombo cha Udongo

Soma Yeremia 32:6-15. Orodhesha hatua zote ambazo Yeremia alizifuata katika kununua shamba la Anathothi.

Yerusalemu ulikuwa umezingirwa na jeshi la Babeli. Yeremia mwenyewe alikuwa kifungoni katika uwanda wa walinzi. Wakati huo Hanameli, mwana wa ndugu ya baba yake, anamjia na kumwomba anunue shamba. Kwa akili ya kibinadamu, nani anunue shamba ambalo kesho litakuwa mikononi mwa adui? Naye Yeremia ananunua. Anapima fedha, shekeli 17. Hati inaandikwa, inatiwa muhuri, mashahidi wanatia sahihi, fedha inapimwa katika mizani mbele yao. Ziko nakala mbili, moja iliyofungwa kwa muhuri na nyingine iliyo wazi. Kisha Baruku anaagizwa, mbele ya watu wote waliokuwapo, aziweke zote mbili katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi.

Watu wa nyakati zile walijua walichokuwa wakifanya. Mwaka 1947 na miaka iliyofuata, magombo ya kale yalipatikana katika mapango ya Qumran karibu na Bahari ya Chumvi, na mengine yalikuwa yamehifadhiwa ndani ya mitungi ya udongo kwa karibu miaka 2000. Na zile nakala mbili zilikuwa na maana. Iliyo wazi mtu aliweza kuisoma wakati wowote. Iliyofungwa ilikuwa kinga: kama mtu angebadilisha maneno katika ile ya wazi, muhuri ungevunjwa na udanganyifu ungeonekana.

Inatufundisha nini kwamba Mungu, katikati ya unabii wa kuanguka kwa taifa, anajishughulisha na hati, mizani na mashahidi? Wapo wapendwa wanaodhani kudai maandishi ni kukosa imani. "Sisi ni ndugu, tumeaminiana, karatasi ya nini?" Yeremia na Hanameli walikuwa ndugu wa ukoo, tena mmoja wao nabii, na bado waliandikiana. Hati ile ilikuwa tendo la imani, kwa sababu Mungu aliahidi kwamba nyumba na mashamba vitanunuliwa tena katika nchi ile. Aliyeandika aliamini kwamba yuko mtu atakayekuja kusoma.

Sasa nirudi kwa mama yule. Baada ya Sabato ya tatu nilimfuata nyumbani. Nilimkuta uani akichambua maharage. Akanikaribisha kigoda, tukaongea habari za mvua. Kisha akasema mwenyewe, bila mimi kuuliza, "Mwalimu, macho yangu hayana shida. Mimi sikupelekwa shule." Mjukuu wake ndiye aliyekuwa akimsomea lesoni kila Ijumaa jioni, na fungu la kukariri alilishika kwa kulisikia mara mbili tatu. Juma lile mjukuu alikuwa ameondoka kwenda shule ya bweni.

Nilimwomba radhi. Akanyamaza kidogo, halafu akafungua pindo la kanga yake akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Basi kwa kuwa umekuja, nisomee hii."

JUMANNE
Barua Iuayo, Barua Iokoayo

Soma 2 Samweli 11:14, 15 na 1 Wafalme 21:8-13. Maandishi yalitumikaje katika visa hivi viwili? Ni nani waliohusika mbali na yule aliyeandika?

Uria alibeba mkononi hukumu yake mwenyewe ya kifo. Hakuifungua, kwa maana alikuwa mtu mwaminifu, na uaminifu wake ndio Daudi alioutumia kumwangamiza. Katika kisa cha Nabothi, Yezebeli aliandika kwa jina la Ahabu na kutia muhuri wa mfalme. Lakini barua peke yake isingemuua Nabothi. Walihitajika wazee na wakuu wa mji wake, watu waliojua kusoma, ambao waliisoma ile barua, wakaelewa vizuri kabisa ilichotaka, wakafanya. Isaya naye anawatamkia ole wale wanaoandika maamuzi ya dhuluma ili kuwanyang'anya maskini haki yao na kuwafanya wajane kuwa mateka yao (Isa. 10:1, 2).

Karatasi ya mama ilikuwa mkataba wa mkopo. Alikuwa ameambiwa kwamba anaweka dole gumba kama shahidi tu, kumsaidia mtoto wa dada yake aanze biashara. Nilipoisoma niliona kwamba yeye ndiye mdhamini, na kwamba mkopaji akishindwa kulipa, deni lote ni lake. Kijana alikwisha kuhama mji. Chini ya dole gumba la mama palikuwa na sahihi za mashahidi wawili. Wa pili alikuwa muumini mwenzetu, msomi kuliko mimi. Nilipomuuliza alijibu kwa upole, "Nilidhani anajua kilichoandikwa." Nimelifikiria jibu lile kwa miaka. Huenda alisema kweli. Mimi pia nilidhani ana miwani nyumbani.

Soma Filemoni 17-19. Paulo aliandika nini kwa mkono wake mwenyewe, na kwa ajili ya nani?

Hapa tuna mdhamini wa namna nyingine. Onesimo alikuwa mtumwa aliyetengana na bwana wake, na huenda alikuwa na deni kwake. Paulo, mzee na mfungwa, anachukua kalamu na kuandika kwa mkono wake kwamba atalipa. Kwa maneno hayo aliweza kudaiwa. Tofauti yake na karatasi ya mama ni kwamba Paulo alijua kila neno alilotia sahihi, na aliyenufaika ni mnyonge. Yule aliyefundishwa miguuni pa Gamalieli anaitumia elimu yake kusimama mahali pa mtu ambaye neno lake halikuwa na uzito.

Na Paulo alijifunza hayo kwa nani? Soma Wakolosai 2:14. Kulikuwa na hati iliyoandikwa kutushtaki, nasi hatukuwa na uwezo wa kuilipa. Kristo aliisoma yote, mpaka mstari wa mwisho, akaiondoa kwa kuigongomea msalabani.

(Deni la mama lililipwa. Darasa lilichanga sehemu, na iliyobaki aliilipa mwenyewe kwa mbuzi wawili na mavuno ya msimu mmoja. Shahidi wa pili alichanga kuliko sisi sote, bila kutangaza.)

JUMATANO
Asomaye na Wao Wasikiao

Soma Isaya 29:11, 12. Watu wawili wanapewa kitabu. Kila mmoja anatoa udhuru gani?

Mmoja anajua kusoma lakini hasomi, kwa sababu kitabu kimetiwa muhuri. Mwingine anasema hajui kusoma. Katika maono ya Isaya wote wawili wanabaki gizani sawasawa. Anayejua hana faida yoyote kuliko asiyejua, ikiwa hajisumbui kutafuta wa kukifungua.

Linganisha na Ufunuo 1:3, fungu letu la kukariri. Heri imetolewa kwa msomaji, katika umoja, na kwa wasikiaji, katika wingi. Yohana alijua makanisa yake. Waumini wengi wa wakati ule hawakuweza kusoma, na kitabu kilikuwa kitu cha gharama, hivyo mmoja alisimama akasoma na wengine wakasikia. Heri ni ileile kwa wote. Hakuna heri ya daraja la kwanza kwa mwenye kitabu na ya daraja la pili kwa mwenye masikio, bali wote wanadaiwa kulishika lililoandikwa.

Injili ilipofika sehemu zetu za Afrika, iliambatana sana na kusoma hata Wakristo wakapewa jina hilo. Uganda waliitwa *abasomi*, na kwa Wakikuyu *athomi*, yaani wasomaji. Kanisa letu nalo lilikwenda hivyo hivyo. Wamisionari wetu wa kwanza walipofika Upareni mwaka 1903 na Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, shule zilianza mapema, na Gendia ikapata hata mtambo wa kupiga chapa. Jina la "msomaji" lilikuwa heshima. Lakini lilikuwa na kivuli chake, kwa maana bibi na babu waliobatizwa bila kujua herufi waliitwa wasomaji nje ya kanisa, na ndani ya kanisa wakaona haya.

Soma Matendo 8:27-35 na Nehemia 8:8. Wasikiaji na wasomaji walisaidiwaje kuelewa?

Filipo alisikia yule Mwethiopia akisoma, maana watu wa zamani kwa kawaida walisoma kwa sauti. Hakumtahini wala hakumsahihisha matamshi. Alimwuliza kama anaelewa, akapanda garini, akaketi pamoja naye. Kuketi pamoja ndiko nilikokosa mimi siku ile chini ya mwembe.

Tuliacha kusoma kwa zamu. Wanaopenda kusoma husema mapema, na fungu husomwa mara mbili, polepole, Biblia za wengine zikiwa zimefungwa. Mwanzoni wasomi walinung'unika kwamba tunapoteza muda. Baada ya majuma machache niligundua kwamba waliokuwa wakijibu maswali vizuri zaidi ni wasikiaji. Sisi wenye vitabu tulikuwa tumezoea kuangalia jibu badala ya kulifikiri.

Je, darasani kwenu yuko mtu ambaye kila mara "amesahau miwani"? Mpango wa darasa lenu unamwinua au unamwaibisha?

ALHAMISI
Herufi Kubwa

Soma Warumi 16:22, Wagalatia 6:11, 2 Wathesalonike 3:17. Tunajifunza nini juu ya jinsi nyaraka za Paulo zilivyoandikwa?

Waraka kwa Warumi, ambao umetikisa dunia, uliandikwa kwa mkono wa Tertio. Hatujui habari zake nyingine. Paulo alisema, Tertio akaandika, na mwishoni akaruhusiwa kutia salamu yake mwenyewe, sentensi moja tu. Ni mfano mzuri kwa kila mtu anayeombwa na jirani amwandikie barua, ajaze fomu ya hospitali, au atume ujumbe wa simu kwa mtoto aliye mbali: andika maneno ya mwenyewe, usiandike yako.

Kwa Wagalatia Paulo mwenyewe anachukua kalamu, na herufi zake ni kubwa. Huenda ni macho, huenda ni kutilia mkazo, wafafanuzi hawakubaliani. Vyovyote vile hakuona haya juu ya mwandiko wake. Alitaka wajue ni yeye.

Tanzania, mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee wengi wanakumbuka kisomo: akina mama na akina baba wenye daftari, wakitoka shambani na kuketi kwenye madawati ya watoto wao. Katika kanisa letu alikuwepo mwalimu mstaafu aliyewahi kufundisha kisomo miaka ile. Alianza na mama yule na wengine wanne, Jumapili alasiri, nyuma ya kanisa. Kitabu chao cha kwanza kilikuwa lesoni ya robo iliyopita, kwa kuwa maneno yake walikwisha kuyasikia.

Mama alichukua muda mrefu. Vidole vilivyoshika jembe miaka 50 havipendi penseli. Siku aliyoandika jina lake lote aliomba karatasi nyingine akaliandika tena, kisha tena, akajaza ukurasa. Barua yake ya kwanza kwa mjukuu ilikuwa na mistari minne, herufi kubwa kama za mtoto, nami niliombwa kuipeleka posta. Sikuisoma. Bahasha alikwisha kuifunga mwenyewe.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Lesoni unayoishika mkononi ilianza kando ya njia. Mwaka 1852 James White alikuwa safarini na mkewe kwa gari la farasi. Waliposimama ili farasi ale, yeye aliandika masomo ya Biblia kwa ajili ya vijana, akitumia kifuniko cha sanduku la chakula au kofia yake kama meza. Masomo hayo yalichapishwa katika gazeti la vijana, The Youth's Instructor, lililoanza mwaka huohuo.

Mkewe, Ellen, alipigwa jiwe usoni akiwa na miaka 9. Baada ya hapo mkono wake ulitetemeka hata akashindwa kuandika vizuri, na majaribio yake ya kurudi shuleni hayakufaulu. Alipoonyeshwa maono ya kwanza na kuagizwa aandike, alisimulia baadaye kwamba mkono uleule uliotetemeka ulipewa nguvu ukatulia. Aliendelea kuandika kwa miaka 70 hivi. Ni vema kukumbuka, tunapomnukuu mbele ya watu wasiokwenda shule, kwamba yeye mwenyewe aliitoka shule mapema na kwa machozi.

Soma pia Yeremia 36 kwa ukamilifu. Angalia Mfalme Yehoyakimu akiketi mbele ya moto wakati wa baridi, akilikata gombo kila yaliposomwa maandishi machache, na kulitupa motoni. Halafu angalia fungu la 32, Baruku alipoanza upya.

Maswali ya Kujadili:

1. Yehoyakimu alisikia Neno likisomwa vizuri na msomaji hodari, wala hakuogopa. Mama yule alisikia kwa mjukuu, akalishika. Ni nini kinachomfanya msikiaji mmoja atofautiane na mwingine?

2. Shahidi wa pili alisema, "Nilidhani anajua." Je, kunyamaza kwake kulikuwa kosa? Kama mngekuwa baraza la kanisa, mngemwambia nini? Na mwalimu wa darasa je?

3. Katika familia na kanisa lenu, ni karatasi zipi ambazo watu hutia sahihi bila kusomewa? Mikopo, mauziano ya mashamba, mirathi, fomu za hospitali? Nani anaweza kutengwa awe msomaji wa wale wanaohitaji, naye atunze siri?

4. Toeni karatasi mlizoandika fungu la kukariri. Badilishaneni na jirani. Kama jirani yako hakuja na karatasi, usimwulize sababu. Ketini pamoja mwandike moja, yeye akisema na wewe ukiandika.